Kurasa Nne za Alhamisi

Kota za Machimbo, namba tisa
5 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kama kokoto. Mimi mjomba wako ni mzima, na ukimsikia mtu anasema si mzima, muulize alinipima lini.

Kompyuta imefika. Dereva wa lori la mawe ameileta kwenye kiti cha mbele, ameifunga mkanda kama mchumba. Nimeibeba mwenyewe kutoka barabarani, kioo bega hili, sanduku bega lile, printa kichwani, na ile modemu yako nimeibana kwa meno. Watu waliacha kazi zao kunitazama. Nimeiweka dukani kwa Fundi Cherehani, kwa sababu katika kota zote arobaini simu anayo yeye peke yake, na chumba chake nacho kimo kwenye orodha ya kubomolewa. Kioo kiko juu ya meza ya kukatia vitambaa, sanduku na modemu chini yake.

Sasa sikia ya huku. Wiki iliyopita Koleo na watu wake walipita mlango kwa mlango na ile fomu ya kuhama kwa hiari. Koleo unamkumbuka, kampuni ya machimbo imemwajiri kama mlinzi, ila hajawahi kulinda hata kuku. Mzee wa namba sita alikataa kusaini. Wakamshika mkono wakaulaza mezani, Koleo akatoa koleo lake mfukoni, akavunja kidole cha mwisho, akamuuliza, "Unasaini?" Mzee akamjibu, "Mkono wa kusainia ndio huo unaouvunja, mjinga wewe." Akavunjwa cha pili. Hakusaini. Damu ilifika kizingitini, na mama yako ndiye aliyeifuta.

Buldoza linakuja Ijumaa tarehe 29 asubuhi. Inspekta wa polisi amesema waziwazi: akiona karatasi ya mahakama yenye muhuri kabla halijagusa ukuta wa nyumba, atalisimamisha. Asipoiona, yeye siku hiyo hana macho. Barua ya kwanza ya Wakili wetu ilipotelea posta, na karani wa posta ni shemeji yake meneja wa machimbo, kwa hiyo barua zetu anabeba dereva wa lori, na hata faksi ya posta hatuisogelei. Amri ikitoka, itaingia kwenye mashine hii au haitaingia kabisa.

Usihofu. Mtu aliyepasua jabali kwa baruti ya kijiko kimoja, likaruka likaziba mto siku tatu mpaka samaki wakaanza kutembea kwa miguu, ataogopa kisanduku chenye taa sita? Nimechomeka kila kitu. Taa zinawaka. Nimeandika zile herufi zako, ila inajibu kwamba laini haina mlio. Nadhani umenitumia modemu kiziwi.

Mjomba wako,
Bingwa wa Baruti


8 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Modemu si kiziwi. Nyuma ina matundu mawili, moja lina picha ya ukuta na jingine lina picha ya simu. Nina hakika umechomeka waya wa ukutani kwenye tundu la simu. Badilisha. Waya wa ukutani uende kwenye picha ya ukuta, halafu simu ya Fundi Cherehani ichomekwe kwenye tundu lile jingine. Ataitumia kama kawaida. Laini inapita kwenye modemu kwanza, ndipo inafika kwenye simu.

Ukimaliza, fungua programu ya faksi. Itakuuliza modemu iko mlango gani. Chagua mlango wa pili. Mlango wa kwanza ni wa kipanya, na wawili hawapiti pamoja. Tafadhali usiruke hatua. Nimekuandikia zote kwenye karatasi ya pili, moja mpaka kumi na nne.

Wakili ofisi yake iko juu ya duka letu la kutengeneza kompyuta, kwa hiyo tunaonana kila siku. Anasema hakimu anaelekea kukubali, ila atasaini dakika za mwisho, kama walivyo.

Mama hajaniandikia. Koleo amefika namba tisa? Niambie kweli, mjomba.

Mpwa wako


12 Agosti

Mpwa wangu,

Lile tundu nilikuwa nimeshaligundua kabla barua yako haijafika, nilikuwa nakupima tu.

Kuhusu mlango. Nilichagua wa kwanza, kwa sababu mimi si mtu wa kuwa wa pili. Modemu ikijaribu kusema, kamshale kwenye kioo kanaganda. Nikakitikisa kipanya, kimya. Nikakigonga taratibu kwa nyundo ya kokoto. Kipanya kimefariki. Nimerudi mlango wa pili na mambo yanakwenda, naendesha kwa vitufe tu kama rubani.

Tatizo sasa inajibu kila anayepiga. Mteja mmoja alipiga kuulizia sketi ya binti yake, akapokewa na ule mlio. Akadhani Fundi Cherehani anachinjwa. Wakaja wanaume wawili na mapanga, wamevunja mlango, wamemkuta Fundi amekaa anapiga pasi. Amewatukana mpaka wakaomba maji ya kunywa. Halafu kuna mama mkwe wake, aliyebaki naye tangu mumewe afe. Anayo simu ya pili kule chumba cha nyuma na kazi yake ni kuinyanyua asikilize umbea. Akinyanyua tu, mashine inakata.

Koleo alifika namba tisa, ndiyo. Nilisimama mlangoni nikamkodolea jicho moja, hili la kushoto, akageuka akaondoka. Mama yako alikuwa ndani anapika, hata hakujua.

Namba kumi na tatu hawakuwa na bahati ya kuwa na mimi. Mume walimpiga na mpini wa sururu mpaka mpini ukakatika, wakamalizia na kile kipande. Mke amesaini fomu. Kwa watu wa namba yangu mimi hilo haliwezekani.

Mjomba wako,
Simba Asiyefugika


15 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Pole na kipanya. Sikiliza haya matatu.

Kwanza, ile simu ya chumba cha nyuma ing'olewe. Mwambie mama mkwe ni wiki mbili tu, umbea utamsubiri.

Pili, nenda kwenye mipangilio ya kupokea, uiambie mashine isijibu. Fundi ajibu mwenyewe. Siku ya kazi tutairudisha ijibu mlio wa kwanza.

Tatu, kwenye mstari wa maagizo ya modemu ongeza herufi M na sifuri. Itafunga mdomo, haitapiga makelele tena hata ikiwa inapokea. Na punguza mwendo uwe wa chini kabisa. Laini ya huko inakwaruza. Ukurasa mmoja utachukua karibu dakika nne, lakini utafika mzima.

Jumatano saa nane mchana nitawatumia ukurasa wa majaribio.

Mjomba, jambo moja la mwisho. Dereva ananiambia huko kwa kinyozi habari ni wewe na mashine yako. Nakuomba usimtajie mtu siku wala saa. Hata kinyozi. Hata mtu unayemwamini.

Mpwa wako


21 Agosti

Mpwa wangu,

Kwa kinyozi wanataka nini zaidi, kama kila siku wanaona ndevu zilezile? Lazima wapate la kuzungumza. Lakini siri kwangu imeingia kaburini, na kaburi lenyewe nimelijengea sementi.

Ukurasa wako wa majaribio umefika jana, japo kwa vita. Jumanne watu wa Koleo walikuja wakakata waya wa simu chini ya meza, pale unapoingilia ukutani. Fundi aliwazuia na mkasi. Wakamnyang'anya, wakamshika nywele, wakazikata zote mpaka ngozi, na kipande cha sikio kikaenda pamoja nazo. Alikuwa anavuja damu anawaambia, "Mmenikata vibaya, hamjui kushika mkasi." Huyo mwanamke ningemuoa kama nisingekuwa na mambo mengi.

Waya nimeuunga mwenyewe. Kiungo hicho, mpwa wangu, tembo wawili wavute huku na huku, watakatika wao. Jumatano saa nane simu ikaita, mashine ikapokea, printa ikatoa karatasi yako: "Mama, nakupenda, kula vizuri." Mama yako ameikunja ameiweka mahali ambapo Koleo akipatafuta atakufa.

Sema siku. Tuko tayari kama baruti kavu.

Mjomba wako,
Mhandisi


25 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Hakimu anasaini Alhamisi asubuhi. Wakili ataituma saa nne kamili kutoka masjala ya mahakama, kwa faksi yao. Wamempa ruhusa ya kupiga mara moja, halafu mashine yao inaendelea na kazi nyingine na yeye ana kesi mji mwingine. Hakuna mara ya pili, na modemu yangu hutuma maandishi tu, muhuri haiwezi kuunakili.

Ni kurasa nne. Muhuri uko ukurasa wa nne. Mkipata tatu hamjapata kitu.

Kwa hiyo Alhamisi saa tatu na nusu iambie mashine ijibu mlio wa kwanza. Ikishajibu, mtu asiguse, asinyanyue, asizime. Dakika kumi na sita au kumi na saba. Nasema hivi kwa herufi zangu zote: laini isikatike, hata nyumba ikiungua.

Lori likiondoka huku na nakala halisi Alhamisi jioni litafika Ijumaa usiku. Mtakuwa mmeshalala nje. Faksi ndiyo hiyo.

Mwambie mama abaki nyumbani.

Mpwa wako


29 Agosti

Mpwa wangu,

Kota zimesimama. Zote arobaini. Nakuandikia nimeegemea ukuta wa namba tisa nao unaniegemea mimi.

Sasa kaa chini nikupe. Jana saa nne na dakika mbili mashine ilianza kupokea. Haikumaliza hata ukurasa mmoja, Koleo akaingia na watu watatu wenye mitarimbo. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya duka kama nguzo. Nikamwambia, "Umechelewa, mdogo wangu, nilikuwa nakungoja." Akarusha mtarimbo, nikainama. Nikachukua pasi ya Fundi, ile ya chuma ya mkaa, ikiwa imejaa moto, nikampa ya mdomo. Meno matatu yaliruka, moja liliingia kwenye chupa ya vifungo na limo mpaka sasa. Wa pili nikamshika kiunoni nikamtupa juu ya cherehani. Wa tatu na wa nne walijitupa wenyewe. Wakapasua kioo, wakaponda printa, wakang'oa simu, wakakimbia wakijua wametuua.

Na hapo ndipo walipoonyesha ujinga wao. Walidhani kioo ndicho kompyuta. Sanduku lilikuwa chini ya meza, limefunikwa na vitambaa, likaendelea kumeza kurasa bila kusema neno, kwa ile M na sifuri yako.

Hatukuwa na kioo cha kusomea wala printa ya kuchapia. Tukaweka sanduku kwenye toroli, tukalifunika kwa gauni la harusi ambalo halijaisha, tukalisukuma mpaka shule ya msingi. Mwalimu mkuu ana kioo na printa kwa ajili ya ripoti za wanafunzi. Akauliza, "Mnamzika nani?" Nikamwambia, "Kampuni." Zikatoka kurasa nne. Muhuri umefifia kidogo upande mmoja lakini unasomeka.

Leo alfajiri buldoza liliwashwa, likaangusha choo cha namba moja, Inspekta akafika. Akasoma ukurasa wa nne mara mbili. Akamwambia dereva wa buldoza, "Zima." Tumepewa siku tisini, mpwa wangu, na kesi inaendelea.

Mama yako hajambo. Aliteleza kidogo pale dukani, mkono umeshtuka. Usisumbuke kuja.

Mjomba wako,
Pasi ya Moto


30 Agosti

Mwanangu,

Mimi ni Fundi Cherehani. Mjomba wako kasema kakuandikia habari za pasi na meno, na mimi namjua, kwa hiyo naona nikuandikie na mimi. Sitarefusha, kichwa bado kinanigonga.

Aliyempiga Koleo na pasi ni mama yako. Mimi nilikuwa nimeshaangushwa chini kwa mtarimbo, naona yote. Mama yako alikuwa amekuja kuniletea nyuzi, hakutaka kukaa nyumbani. Aliona wanapasua mashine, akanyanyua pasi kwa mikono miwili akampiga nayo mdomoni. Meno matatu ni kweli, hilo la meno tu. Basi wakamkamata, wakamlaza kwenye meza yangu ya kukatia, wawili wakamshika mabega, na Koleo mdomo unavuja akauvuta mkono wake wa kulia mpaka ukingoni, akaukalia. Umevunjika mara mbili, chini ya kiwiko na kwenye kifundo. Yuko nyumbani, umefungwa vibao, daktari wa zahanati anasema vidole viwili huenda visikunje tena.

Mjomba wako alikuwa chini ya meza. Tangu wanaingia mpaka wanatoka. Tulitazamana macho kwa macho, mimi nimelala sakafuni, yeye kajikunja kule ndani na sanduku lake. Mama yako akimwita, yeye kimya. Alipotoka hakuwa na hata mkwaruzo.

Sisemi hivi kwa ubaya. Watu waoga wapo na wanakula kama sisi. Lakini kuchukua pasi ya mwenzio ukajipigia wewe, hapo mimi nimekataa. Hata ile siku Koleo alipofika namba tisa, aliyemfukuza ni mama yako na sufuria ya maji yanayochemka.

Njoo umwone mama yako.

Fundi Cherehani


2 Septemba

Mjomba,

Sikuamkii.

Fundi Cherehani ameniandikia. Nimeisoma barua yake dukani, mbele ya wateja, nikaacha bisibisi ndani ya kompyuta ya mtu.

Ulikuwa chini yake. Mama alikuwa amelazwa juu ya meza wanamvunja mkono na wewe uko chini ya meza hiyohiyo. Halafu ukatoka, ukaandika barua, ukaweka pasi yake mkononi mwako. "Aliteleza kidogo." Mkono "umeshtuka".

Tangu nikiwa mdogo nakusikiliza. Jabali, mto, samaki wenye miguu. Nilikuwa nacheka kwa sababu sikujua kwamba ipo siku utamwongopea hata damu yako mwenyewe kuhusu damu yake. Mama ni mdogo wako. Alikuita. Ungetoka hata ukapigwa tu, ukalala kando yake, ningekuheshimu mpaka naingia kaburini.

Nakuja Jumamosi na lori. Nitakaa na mama. Wewe tafuta pa kwenda. Isipokuwa kama kuna kitu sijakielewa, na kama kipo, kiandike kabla sijafika, kwa sababu nikikuona sijui mikono yangu itafanya nini.

Hapa chini naandika jina la undugu kwa sababu sina jingine.

Mpwa wako


4 Septemba

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Kile kiungo cha waya, kile nilichokuambia tembo hakikati, kilikuwa kibovu. Waliokata waliondoka na kipande kizima, ncha zilizobaki zikawa fupi, na sikuwa na waya mwingine. Nilizisokota kwa vidole nikazifunga kwa plasta ya kidonda. Sikukuandikia kwa sababu ningeonekana sijui kazi.

Alhamisi saa nne nilikuwa chini ya meza nakitazama. Joto la sanduku lilikuwa limelegeza plasta. Simu ikaita, mlio ukakatika katikati, taa zikayumba. Nikazikamata zile ncha mbili mbili kwa vidole, kila mkono na jozi yake. Simu ikiita, waya unauma, hilo hukuniambia. Uliniuma mpaka kiwikoni, ndipo mashine ikajibu, ikatulia, taa ya kupokea ikaanza kupepesa. Nilipojaribu kulegeza kidole kimoja, ikasita. Nikabana tena. Nikajua sitoki hapo.

Ukurasa wa kwanza haujaisha, wakaingia.

Niliona miguu tu. Buti za wanaume wanne, viatu vya Fundi, ndala za mama yako. Fundi akaanguka, uso wake ukaja usawa wa uso wangu. Anasema kweli, tulitazamana. Yeye aliona macho yangu, mikono yangu ilikuwa nyuma ya sanduku. Wakapasua kioo, vigae vikanimwagikia shingoni. Wakang'oa simu, na Koleo akasema, "Limekufa hilo." Taa ikaendelea kupepesa. Wao hawakujua kwamba laini inapita kwenye modemu kwanza. Wewe ulinifundisha hilo.

Kati ya ukurasa na ukurasa taa hutulia kidogo, kama mtu anayemeza mate. Nilikuwa nahesabu. Ilitulia mara ya kwanza, mama yako akampiga na pasi. Jino moja lilikuja likasimama karibu na goti langu. Ilitulia mara ya pili, wakamlaza. Kati ya mgongo wake na uso wangu kulikuwa na mbao ya inchi moja, na mbao hiyo ilikuwa inanung'unika. Akaniita, "Kaka." Akaniita tena. Mara ya tatu aliniita lile jina la utotoni ambalo hata wewe hulijui. Mfupa ukivunjika hautoi sauti kubwa, mpwa wangu. Ni kama Fundi anapokata uzi kwa meno.

Nilitaka kutoka. Miguu ilikuwa imeshaanza kutoka bila mimi. Bado taa haijatulia mara ya tatu, na wewe umeandika kwamba tatu si kitu. Nikauma vitambaa vya Fundi, nikashika.

Walipoondoka, ukurasa wa nne ulikuwa ndio unaingia. Mama yako alikuwa anashuka mezani mwenyewe, anaushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Nilikuwa nikiona miguu yake mitupu, damu inadondoka kati ya vidole, na sikutoka hata hapo. Dakika nne nyingine. Taa zikazima zenyewe. Vidole vyangu vilikataa kufunguka, nikavifungua kwa kuvigonga sakafuni.

Niambie sasa, hadithi ya mtu aliyelala kifudifudi akishika nyuzi mbili, nani ataisikiliza? Na ili niisimulie lazima niseme kwamba nilimsikia. Basi nikachukua ile ya pasi, ilikuwa hadithi nzuri na haikuwa na mwenyewe, maana mama yako hajisifu.

Lipo lingine, na hilo Fundi halijui. Koleo aliijua vipi saa nne? Jumatano nilikwenda kunyoa. Nikasema kwa sauti kwamba kesho saa nne meneja atalia na mimi nitakuwa nimekaa natazama karatasi zikitoka. Watu walicheka vizuri sana. Kwenye kiti cha pembeni alikuwepo mtu ana povu uso mzima, sikumtazama. Aliondoka amenyolewa shavu moja.

Jana niliingia kwa mama yako nikamwambia hilo la kinyozi kwanza. Alikuwa amekaa kitandani. Akanyanyuka, akanipiga kofi kwa mkono mzima, nikagonga kabati. Nikasimama wima, akanipiga la pili, damu ikatoka puani.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Mle chini, ulinisikia nikikuita?"

"Nilikusikia."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia. Nikamwonyesha vidole. Kuna alama mbili nyeusi, moja kila mkono, ndogo kama mbegu za ufuta. Akazitazama, akautazama ukuta wa namba tisa, juu mpaka chini, kama mtu anayeupima kwa rangi.

"Na kama ungeachia?" akasema. "Ningekuwa nimevunjwa mkono na nyumba sina. Ungeachia, kaka, ningekuua mimi, kwa huu uliobaki."

Halafu akaniambia niifute damu yangu sakafuni, yeye hawezi kuinama.

Jumamosi lori likifika nitakuwa barabarani. Mikono yako ifanye itakavyo.

Mjomba wako